Tusiingie Majini kwa Sababu Pesa Imelipwa

Mazungumzo juu ya kupanga safari ya siku nne ya kupiga kafi na kulala pwani, kwa wale ambao hawajawahi kuona bahari

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia hapa Matisi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika vipate kuyasoma na kuyajadili.)



Tunajua wengine wenu wameacha mboga sokoni mikononi mwa jirani, kwa hivyo hatutazunguka.

Vikundi vitatu vya vijana na kimoja cha akina mama vimetuletea ombi moja. Wanataka kwenda pwani. Hawataki ile safari ya kupiga picha ufuoni na kurudi. Wanataka kukaa siku nne, kulala kwenye hema, na kuingia kwenye mikoko kwa mitumbwi midogo ile inayoitwa kayaki, ili wajionee jinsi wenzetu wa kule wanavyotunza miti yao na kupata pesa bila kuikata. Mmoja wa vijana alituuliza, "Je, sisi watu wa mahindi hatuwezi?"

Jibu letu ni kwamba mnaweza. Lakini kwanza tutawaeleza jinsi sisi wenyewe tulivyoharibu safari kama hiyo, halafu tutawaeleza jinsi ya kuipanga.

Safari ya kwanza

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda pwani na kikundi kimoja cha hapa hapa. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mahali penyewe hatutapataja, wala mwenye mitumbwi hatutamtaja, kwa sababu makosa mengi yalikuwa yetu.

Tulichagua siku za mwezi mpevu. Tulidhani ni akili nyingi: mwezi utatumulikia usiku, tutaokoa pesa za betri za tochi. Hakuna aliyetuambia mwezi mpevu unafanya nini baharini, na sisi hatukuuliza. Tulifika tukiwa tumechoka, tukalala, tukaamka tumechelewa, na tukaingia majini saa nane mchana. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa sita. Watu, kumbukeni, tulikuwa kumi na mmoja.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi akishona wavu. Alituambia, "Leo maji ni makubwa, na upepo huu si wenu. Ngojeni siku nyingine." Tulitazamana. Mtunza hazina wetu akasema, "Mzee, pesa tumeshalipa." Basi, tukaingia.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Maji yalikuwa yanajaa na kutusukuma ndani ya mikoko. Tuliimba. Saa kumi na kitu maji yakageuka. Yalianza kutoka polepole, halafu kwa nguvu, kama Nzoia baada ya mvua. Mtumbwi wa mama mmoja, muuza mboga katika soko la Kitale, ulivutwa kuelekea mdomo wa ile hori, penye bahari yenyewe. Ulipinduka. Hakuwa na jaketi. Alishika mizizi ya mkoko, na mizizi hiyo ina chaza wakali kama vipande vya chupa. Alikaa ameshikilia hapo karibu dakika arobaini na tano mpaka vijana wa kijiji walipomfikia. Sisi wengine tulikuwa tumekwama kwenye matope, giza limeingia, hatuna hata tone la maji ya kunywa. Na alfajiri, tukiwa tumelala kama magogo, bahari ilijaa tena ikaingia ndani ya mahema.

Tulirudi Matisi wote tukiwa hai. Lakini kikundi hakikurudi kizima. Pesa zilikuwa zimetolewa kwenye hazina bila mkutano kamili, na waliobaki nyumbani waliuliza: kwa nini akiba yetu imekwenda kuzamisha mama wa watu? Wanachama watano walijitoa mwezi huo.

Hayo ndiyo tuliyojifunza kwa gharama. Sasa tuingie katika mpango.

1. Tunakwenda kufanya nini?

Kikundi kiandike sababu moja kwenye kitabu cha kumbukumbu. Sababu ikiwa "kutembea tu", si dhambi, lakini kila mtu alipe kutoka mfukoni mwake. Ikiwa ni kujifunza, basi iandikwe: kujifunza nini, kwa nani, na tukirudi tutafanya nini.

Mahali tunapopendekeza ni Gazi, katika Kaunti ya Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Watu wa Gazi na Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117 za mikoko. Mikoko huvuta hewa ya kaboni na kuificha katika miti na hasa katika udongo wake, na wako wanunuzi wanaolipa ili hewa hiyo ibaki pale pale. Walianza kuuza mwaka 2013 hivi, na mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Pesa zimeingia kwenye maji ya bomba na shule, na kijiji ndicho kinachoamua matumizi. Akina mama wa Gazi nao wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na mgeni hulipa ili atembee juu yake. Kwa sisi tunaopanda miche huku tukiutazama Mlima Elgon upande mmoja na Cherangani upande wa pili, hilo ni darasa.

Kayaki inafaa kwa sababu haina kelele wala haihitaji maji mengi, nayo hupita kwenye vijito ambako mashua haifiki. Walioibuni ni Wainuit wa nchi za barafu, ambao walifunika kiunzi cha mbao au mifupa kwa ngozi ya sili. Siku hizi nyingi ni za plastiki. Kafi lake lina bapa pande zote mbili, unapiga huku na huku. Kwa anayeanza, chukueni za watu wawili wawili: mmoja akichoka mwenzake anaendelea.

2. Pesa

Safari hii isiguse akiba ya merigoraundi wala pesa za mikopo. Fungueni mfuko wake peke yake. Mfano tu: mtu akiweka shilingi 200 kila wiki, baada ya wiki 45 ana shilingi 9,000. Asiyeweza kuweka 200 aambiwe mapema, na kikundi kiamue kama kitamsaidia. Asiaibishwe siku ya kuondoka kwenye stendi.

Katika bajeti andikeni: nauli ya kwenda na kurudi (kutoka Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, mtalala njiani au mtasafiri usiku), kukodi kayaki pamoja na majaketi, malipo ya viongozi wa kijiji, mashua ya injini ya kutufuata, chakula, maji, kiingilio cha mradi, na dawa. Halafu ongezeni sehemu ya kumi kwa mambo yasiyotarajiwa.

Sasa sikilizeni jambo hili, ndilo kubwa kuliko yote kwenye sura ya pesa. Msilipe siku zote za mitumbwi kwa mkupuo. Patana na mwenye mitumbwi kwamba siku ambayo bahari haifai, tutalipa sehemu au tutasogeza siku. Na ongezeni siku moja ya kukaa bure kwenye mpango. Kikundi kisicho na siku ya akiba kitaingia majini hata kama mawimbi yanatoa povu, kwa sababu gari la kurudi ni kesho. Sisi tuliingia hivyo.

3. Mwezi, maji na upepo

Hapa ndipo watu wa bara tunapotea, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kesho yake mambo huchelewa kama dakika 50.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita bamvua. Katika pwani ya Kenya tofauti ya maji ya bamvua inaweza kupita mita 3. Yaani nyumba yako ya mabati hapa Matisi ifunikwe mpaka kwenye paa, na baada ya saa sita isimame juu ya matope. Maji yote hayo lazima yapite mahali. Yakipita kwenye mdomo mwembamba wa hori, yanakuwa mto. Huo ndio mto uliombeba mama wetu.

Mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu. Hayo huitwa maji mafu, na usiogope jina, kwa anayeanza ndiyo maji ya uhai.

Tena kuna jambo zuri zaidi. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamekauka. Siku za maji mafu ni kinyume: yanajaa karibu saa nne asubuhi. Basi fanyeni hesabu. Mkianza saa moja na nusu asubuhi siku ya maji mafu, maji yanapanda taratibu, yanawasaidia kuingia. Saa nne yanasimama. Mnaanza kurudi kabla hayajapungua, na ikifika saa tano na nusu mko ufuoni mnakunywa uji. Na asubuhi ndipo upepo unapokuwa mdogo, mchana huongezeka. Kwa hivyo mwezi na upepo vinakubaliana. Chagueni siku zinazofuata nusu ya mwezi, na saa kamili zitazameni kwenye jedwali la maji la Mombasa au muulizeni mvuvi yeyote. Kuuliza si ujinga.

Kuhusu majira: kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na miezi ya Juni mpaka Agosti bahari ni kali. Msiende. Masika ya Aprili na Mei, msiende. Oktoba na Novemba bahari hutulia, lakini sisi tunavuna. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, nayo hupungua nguvu kadiri Machi inavyokaribia. Basi kwa mkulima wa Trans Nzoia, nafasi ni mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi: mahindi yako ghalani, mvua ya kupandia bado.

4. Mazoezi kabla ya kuondoka

Hebu tujiulize, ni wangapi hapa wanaojua kuogelea? (Mikono minne iliinuka kati ya watu thelathini na wawili.) Mnaona wenyewe.

Si lazima kila mtu awe samaki. Lakini kila atakayeingia kwenye kayaki lazima afanye mambo matatu, nyumbani kwanza, katika bwawa la kuogelea lenye maji ya kifuani na mwalimu akiwepo. Moja, aelee dakika kumi akiwa amevaa jaketi, bila kushika kitu, bila kutapatapa. Mbili, mtumbwi upinduliwe kwa makusudi naye atoke chini yake kwa utulivu. Tatu, asaidiwe na mwenzake kupanda tena. Mtumbwi ukipinduka, usiuache. Mtumbwi unaelea na unaonekana. Kichwa chako peke yake hakionekani.

Asiyeweza, au anayeogopa, asilazimishwe wala asichekwe. Kuna kazi ya nchi kavu ambayo tutaieleza.

Mwenye kifafa, pumu au shinikizo la damu, na mama mjamzito, wazungumze na daktari kwanza, na kiongozi wa safari ajue. Watu wawili katika kikundi wasomee huduma ya kwanza.

5. Majaketi na viongozi

Watu kumi na wawili, majaketi kumi na mawili. Yajaribiwe, yafungwe, yavaliwe muda wote, hata na yule kijana anayejua kuogelea. Jaketi lililo chini ya kiti halijawahi kumwokoa mtu. Kama ni pungufu hata moja, hakuna anayeondoka.

Msiseme tunatia hofu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama pale Mombasa, karibu sana na nchi kavu, na watu 272 walikufa. Walikuwa wamejazana kupita kiasi. Maji hayahitaji kuwa mapana ili yaue.

Tafuteni vijana wa kijiji wanaojua kila kijito. Kwa wanaoanza, kiongozi mmoja kwa wageni wanne. Mashua ya injini iwe karibu. Na watafuteni kupitia BMU, yaani kamati ya wavuvi ya ufuo ule, si kwa kuokota mtu njiani.

6. Mpango wa siku nne

Siku ya kwanza: kufika, kusalimia wazee na kamati ya ufuo, kupiga hema, kulala. Hakuna kuingia majini hata kama bahari inaita.

Siku ya pili: mazoezi kwenye maji mafupi, halafu ndani ya ghuba ya Gazi tu. Ghuba hii imekingwa upande wa mashariki na rasi ya Chale, na mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, inamwaga maji yake humo. Mchana: mafunzo na watu wa mradi.

Siku ya tatu: mikoko tena, mbali kidogo. Anayeanza hupiga kama kilomita 3 kwa saa akipumzika njiani. Kilomita 8 kwa siku zinatosha. Kesho yake mabega yatawaambia kama tunasema uongo.

Siku ya nne ni ya akiba. Bahari ikiwa njema na watu wana nguvu, mnaweza kwenda Funzi. Lakini msipige kafi kutoka Gazi hadi Funzi kwa kupita mbele ya Msambweni. Bahari ya pale iko wazi, si ya wanaoanza. Pandeni gari hadi Bodo, mvuke kutoka hapo pamoja na wenyeji. Na msioge katika mdomo wa mto Ramisi. Kule kuna mamba.

7. Kulala

Mkifika ufuoni tafuteni mstari wa mwani mkavu na takataka. Hapo ndipo maji yalipofika. Pigeni hema juu zaidi ya hapo, na si kidogo. Kumbukeni: baada ya maji mafu kila usiku maji yanapanda zaidi kuliko usiku uliotangulia, na yakijaa saa nne asubuhi, yatajaa tena usiku saa nne na nusu mkiwa usingizini. Mwulizeni mwenyeji, "Maji yanafika wapi?" Halafu mwulizeni mwenyeji wa pili. Msilale chini ya mnazi. Nazi haibishi hodi.

Vyandarua ni lazima. Sisi wa nyanda za juu hatujazoea malaria ya pwani. Muulizeni mhudumu wa afya juu ya kinga kabla ya kuondoka, na mtu akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, akapimwe mara moja na aseme alikuwa pwani.

8. Maji, chakula na mizigo

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari. Kule chini jua ni jingine. Kila mtu ahesabiwe lita 5 kwa siku. Watu kumi na wawili ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Kwa siku tatu ni mitungi tisa, kilo 180. Kayaki haziwezi kubeba hayo pamoja na watu. Ndiyo maana tunasema laleni karibu na kijiji chenye maji salama, na kila asubuhi mjaze ya siku hiyo tu.

Chakula, msibebe magunia kutoka nyumbani. Chukueni njugu na unga kidogo wa uji kwa dharura, mengine yapikwe na akina mama wa kijiji kwa malipo mliyopatana. Mtakula wali wa nazi na samaki, na pesa zitabaki pale. Kuni za mikoko msikate hata kijiti. Itakuwa aibu gani, kwenda kusomea mikoko huku mmeichoma?

Kila mtu abebe: nguo za mikono mirefu, kofia, raba za zamani za kukanyagia matumbawe, filimbi shingoni, tochi, leso au shuka, na nguo kavu ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa. Simu vivyo hivyo. Mnapotembea kwenye maji mafupi buruteni miguu, ili taa aliyejifukia mchangani asikie na aondoke. Mtu akichomwa, mguu uwekwe kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, halafu apelekwe hospitalini.

9. Wenyeji

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwe wageni wa namna hiyo. Vijiji vile ni vya Waislamu. Akina mama wajitande leso wakitoka majini, wanaume wasitembee vifua wazi kijijini. Pombe msipeleke. Wakati wa sala, hasa Ijumaa mchana, msiwaite watu kazini. Salamu zao ni ndefu, msizikate. Na mtu mzima hamwiti jina tu: ni mzee, ni bibi, ni kaka.

10. Nani ana neno la mwisho?

Andikeni karatasi moja yenye majina ya wote, namba za simu za nyumbani, mahali mtakapolala kila usiku, na saa ya kurudi. Nakala tatu: moja kwa kamati ya ufuo, moja kwa kiongozi, moja ibaki hapa Matisi. Saa iliyoandikwa ikipita kwa saa moja bila ninyi kuonekana, mwenye karatasi anapiga simu kwa kamati na kwa polisi, 999 au 112. Hangoji.

Na mchagueni mtu wa nchi kavu. Kazi yake ni kusimama ufuoni na karatasi hiyo, kuhesabu watu wakiingia na wakitoka, na kusema hapana. Awe na haki ya kufuta siku peke yake, na asiulizwe sababu mbele ya watu. Pia mwenyeji akisema hapana, basi ni hapana, na mwanachama yeyote akisema "ninaogopa", huyo habebwi kwa maneno. "Hapana" tatu, na yoyote kati ya hizo inatosha.

Safari ya pili

Miaka miwili baadaye tulikwenda tena, mwisho wa Februari, nusu ya mwezi. Watu kumi na wawili, majaketi kumi na mawili. Yule mama wa mboga alituambia, "Majini siingii tena. Lakini nipeni karatasi." Tukampa karatasi na filimbi.

Siku ya pili ilikuwa kama tulivyopanga. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, tulivaa, mitumbwi iko tayari. Yeye alikuwa ametoka kuzungumza na wavuvi. Akasema, "Leo hapana." Bahari ilionekana nzuri tu. Vijana wawili walinung'unika. Mmoja alisema ametoka Kitale, zaidi ya kilomita 800, na nusu ya malipo ya siku hiyo haitarudi. Mama hakujibu. Mtunza hazina, yule yule wa safari ya kwanza, ndiye aliyevua jaketi lake kwanza.

Tulishinda kwenye kitalu cha mikoko na akina mama wa pale, tukichimba matope mpaka magotini. Saa nne upepo uliongezeka na nje ya ghuba kukawa na povu jeupe. Je, tungezama? Huenda tungefika salama. Hilo ndilo gumu la uamuzi wa namna hiyo: ukifanya vizuri hakuna kinachotokea, na watu husema umewapotezea siku. Ndiyo sababu lazima kikundi kikubaliane juu yake hapa Matisi, kabla ya kuvaa jaketi. Kule ufuoni, na pesa zimelipwa, hakuna anayekubaliana na mtu.

Siku ya nne bahari ilikuwa shwari. Watu kumi na mmoja waliingia majini. Mama alihesabu kumi na mmoja wakienda, akahesabu kumi na mmoja wakirudi, akaikunja karatasi akaiweka kwenye leso yake. Kitalu cha miche kilichoko nyuma ya nyumba yake leo kilianza wiki ile tuliporudi, na watatu kati ya wale watano waliojitoa wanafanya kazi humo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Sababu ya safari yetu ni ipi? Aliyebaki nyumbani atafaidika nini?
2. Tumewahi kuendelea na jambo baya kwa sababu tu pesa ilikuwa imeshatolewa? Ilikuwa mradi gani, na nani alinyamaza?
3. Kati yetu ni nani anayeweza kusema "hapana" na tukamsikiliza? Kama hatumjui, tutampataje?
4. Nusu ya mwezi ya Februari ijayo inaangukia siku gani? Hesabuni wiki zilizobaki, mgawanye bajeti kwa wiki hizo, na katibu aandike.

Vikundi vitakavyokuwa na majibu ya maswali yote manne vije ofisini na kitabu cha kumbukumbu. Tutaketi pamoja na kuanza na orodha ya majina.